Msalaba Uliosukwa Kando ya Kitanda



Mwezi huu sizungumzii vidonge wala sindano. Nazungumzia majani, na mikono ya watoto.

Kule Ayalandi, inapokaribia tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigida wa Kildare, watoto wa shule husuka misalaba midogo kwa majani marefu ya majimaji, yanayofanana na mafunjo membamba. Katikati huwa mraba, na ncha nne hufungwa kwa uzi. Watu huitundika juu ya mlango kuomba ulinzi. Shule nyingine huiuza, na fedha huwaendea wahitaji. Hivyo ufundi wa mababu haufi, na mhitaji anapata.

Mimi muuguzi nimeguswa na chanzo chake. Wazee wa kule husimulia kwamba Brigida, aliyeishi karne ya 5 na ya 6, aliitwa kwa mkuu mmoja mpagani aliyekuwa mahututi. Mgonjwa aliweweseka, maneno hayakumwingia. Brigida akaketi kando yake, akaokota majani yaliyotandikwa sakafuni, akasuka kimya kimya. Mgonjwa akatulia, akauliza anatengeneza nini. Ndipo akaelezwa habari za msalaba, akabatizwa kabla ya kufa.

Mnaona? Kwanza Brigida aliketi.

Wodini nimepokea wagonjwa walioletwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao, na aliyewaleta akarudi na boti ileile. Dawa tunatoa. Lakini nani atampikia uji? Nani atamfulia shuka? Asiyejiweza asipogeuzwa mara kwa mara hupata vidonda vya mgongo. Asipokula, nguvu hazirudi.

Hapa Mwanga kusuka si jambo geni. Bibi zetu husuka mikeka na vikapu, na majani ya michikichi hayatupi shida. Huko Masasi, wanavijiji walisuka misalaba ya miwaa iliyouzwa Uingereza kwa Jumapili ya Matawi kupitia shirika la African Palms, lililoanza mwaka 1965, na faida ikarudi kusaidia watu.

Basi walimu na makatekista, kwa nini watoto wetu wasisuke? Fedha zinunue sabuni, sukari na unga wa uji kwa wagonjwa wasio na ndugu. Ila tuzingatie haya:

1. Kisu ashike mtu mzima.
2. Aliyejikata aoshwe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati aangaliwe kama chanjo ya pepopunda imekamilika.
3. Wodini waende wachache, pamoja na mkubwa, kwa ruhusa ya muuguzi.
4. Wanawe mikono kabla na baada ya kumwona mgonjwa.
5. Mwenye mafua, kikohozi au kuhara abaki nyumbani.

Na kila mtoto abakize msalaba mmoja asiouuza. Huo amwachie mgonjwa, baada ya kuketi naye kidogo.