Ubavu wa Kwanza na Kisu Nisichokikimbilia

Kazi ya mwalimu wa hisabati ni kazi ya mkono ulioinuliwa. Kuanzia kipindi cha kwanza hadi kengele ya mwisho, mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya bega: naandika mlinganyo, nafuta, nachora pembetatu, nafuta tena. Kwa miaka mingi haukunisumbua. Kisha kidole cha mwisho na kile cha pete vikaanza kufa ganzi kila nilipofika sehemu ya juu ya ubao, na chaki ikawa inaniponyoka. Usiku maumivu yalianzia shingoni, yakapita nyuma ya bega, yakateremka upande wa ndani wa mkono mpaka kwenye vidole vilevile viwili. Asubuhi sikuweza kufunga vifungo vya sare ya mwanangu mdogo.

Ushauri haukukosekana. Hapa Tanga kila nyumba ina tiba yake ya mkono. Jirani aliniletea mafuta ya karafuu. Mwalimu mwenzangu aliapa kwamba ni kiharusi kinabisha hodi. Shangazi alitaka niumikwe chuku mgongoni. Hospitalini nako kila mlango ulikuwa na jibu lake: huku shingo, kule bega, kwingine nikaambiwa neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Hilo la mwisho ni tatizo la kweli na linawapata watu wengi sana, ila ganzi yake hukaa kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Yangu ilikuwa upande wa pili wa kiganja. Nililisema hilo kila nilipokwenda, na kila nilipokwenda niliondoka na vidonge vya maumivu.

Aliyelisikia alikuwa daktari kijana katika hospitali ya rufaa. Hakuanza na mashine. Alinikalisha, akaniambia: “Mwalimu, inua mikono yote miwili, viwiko viwe usawa wa mabega, halafu fumba na kufumbua ngumi polepole. Dakika tatu.” Mkono wa kushoto ulichoka lakini ukamaliza. Wa kulia ulianza kuchomachoma kabla dakika ya kwanza haijaisha, kisha ukaanguka wenyewe. Akabonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya mtulinga wangu, na maumivu yakakimbia mpaka kwenye kidole cha mwisho. Ndipo akaandika kwenye faili herufi tatu ambazo sasa nazijua vizuri: TOS, sindromu ya mlango wa juu wa kifua.

Nieleze kilichoko pale, maana bila kukielewa huwezi kuchagua tiba. Chini ya shingo, nyuma ya mtulinga, kuna uchochoro. Sakafu yake ni ubavu wa kwanza, ule mfupi uliojikunja ambao huwezi kuupapasa kwa urahisi. Kuta zake ni misuli miwili inayoshuka kutoka kwenye mifupa ya shingo na kuushika ubavu huo. Madaktari huiita skalini. Katikati ya misuli hiyo hupita fungu la neva zinazouendesha mkono mzima, pamoja na ateri inayoupelekea damu. Vena inayoirudisha damu hupita mbele ya msuli wa mbele, kati ya mtulinga na ubavu. Ukiinua mkono, mtulinga hurudi nyuma na nafasi hupungua. Kwa watu wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa wengine haitoshi, ama kwa sababu walizaliwa na ubavu wa ziada shingoni, jambo linalowapata watu wasiofika 1 kati ya 100, ama kwa sababu ya ajali iliyotikisa shingo, ama kwa sababu misuli imekaza na kunenepa kwa miaka ya kazi ya mikono juu: wapaka rangi, wasusi, waogeleaji, mafundi umeme, walimu.

Nilipigwa eksirei, ubavu wa ziada haukuonekana. MRI ya shingo haikuonyesha diski iliyotoka. Kipimo cha umeme wa neva nacho kilirudi safi. Wapo watakaosema ni habari njema, na kwa upande mmoja ni kweli. Lakini mgonjwa mwenye maumivu anayebeba bahasha ya majibu safi huanza kutazamwa kwa jicho jingine, kazini na hata nyumbani. Ndiyo maana nataka lieleweke: katika aina hii ya ugonjwa vipimo vya neva mara nyingi huwa vya kawaida, kwa sababu neva inabanwa na kuachiwa kulingana na mkao wa mkono, nawe unapimwa ukiwa umelala kitandani na mkono umetulia. Daktari hufikia jibu kwa kusikiliza, kwa kugusa, na kwa kuondoa moja moja magonjwa yanayofanana na huu.

Swali la pili ni nini hasa kinachobanwa, na hapo ndipo tiba zinapoachana njia. Kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa ni neva, kama mimi. Wachache hubanwa vena: mkono unavimba ghafla, unakuwa mzito, unageuka rangi ya samawati au zambarau, na mishipa inatokeza kifuani na begani. Hiyo ni damu iliyoganda. Daktari James Paget wa London aliieleza mwaka 1875, na mpaka leo huwapata vijana wenye nguvu, mara nyingi baada ya kazi au mchezo mzito wa mikono. Mtu wa namna hiyo asipakwe mafuta wala asikandwe. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu bonge la damu linaweza kukatika na kwenda kwenye mapafu, na dawa za kuliyeyusha hufanya kazi vizuri zaidi katika siku 14 za mwanzo. Wachache kabisa hubanwa ateri: vidole vinapauka, vinakuwa baridi, pengine vinatoka vidonda. Hawa wa vena na ateri, ubavu kwa kawaida huondolewa. Mazoezi peke yake hayawatoshi.

Kwetu sisi wa neva, mazoezi ndiyo mwanzo. Mwaka 1956, madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walipouandika ugonjwa huu kwa jina hili, makala yao ilikuwa inapima mpango wa mazoezi.

Nilipelekwa kwa dada wa fiziotherapia aliyesomea KCMC kule Moshi. Nilitegemea anivute shingo. Akasema: “Dada, hatuanzi kuvuta. Tunaanza kupumua.” Nililala chali, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, na kazi yangu ilikuwa kuufanya ule wa tumboni pekee ndio upande. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Misuli ya skalini, ileile inayoubana uchochoro, ndiyo huinua ubavu wa kwanza tunapovuta pumzi kwa kifua cha juu. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mwenye maumivu na wasiwasi hupumua juu juu, na kila pumzi inaikaza misuli hiyo tena. Ukimrudisha kwenye kiwambo cha chini ya mapafu, misuli ya shingo inapata kupumzika, mchana na usiku.

Baada ya hapo ndipo yakaja mengine: kuimarisha misuli inayoshikilia bapa la bega ili bega lisiporomoke mbele, kulegeza msuli mdogo wa kifua, ambao nao unaweza kuzibana neva mbele ya kwapa, na kuzitembeza neva taratibu bila kuzivuta. Sheria yake ilikuwa moja: zoezi likiamsha ganzi inayobaki baada ya kumaliza, limezidi. Wiki za mwanzo sikuona tofauti yoyote, na ninawaelewa wanaoacha. Daktari alisema tusihukumu kabla ya miezi mitatu, na alikuwa sahihi. Kilichobadilika kwanza ni usingizi.

Kazi nyingine ilikuwa kutazama siku yangu nzima. Kusimama kwenye daladala ukishika bomba la juu ni kipimo cha daktari kilekile, tofauti yake ni kwamba kinaendelea mpaka kituo cha mwisho. Sasa nasubiri gari lenye kiti. Mkoba wa madaftari haukai tena begani, nabeba mgongoni kwa mikanda miwili mipana. Kutwanga na kuanika nguo kwenye kamba ndefu kumehamia kwa wanangu wakubwa. Ndoo ya maji kichwani, yenye mkono mmoja juu wa kuishika, nimeiacha kabisa. Nalala chali au upande wa kushoto, na mto chini ya mkono wa kulia. Shuleni nusu ya juu ya ubao ni ya wanafunzi: mimi naeleza, wao wanaandika. Nimegundua kwamba kidato cha pili wanafuata hesabu vizuri zaidi mwenzao akiwa na chaki, na jambo hilo sitaliacha hata nikipona.

Hata hivyo maumivu hayakuisha. Yalipungua, yakakaa. Ndipo likaja suala la kisu.

Nilisafiri hadi Dar es Salaam kumwona daktari bingwa wa upasuaji. Ugonjwa huu unakaa mpakani mwa fani kadhaa, na mgonjwa asipojua hilo huzunguka sana. Pale Upanga, kwa mfano, kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, yenye wataalamu wa mifupa na mishipa ya fahamu, na kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kwa moyo na mishipa ya damu. Nchi nyingine ubavu huu huondolewa na wapasuaji wa mishipa ya damu, kwingine na wa kifua, kwingine na wa neva. La kuuliza ni kama mtu huyo amewahi kuifanya kazi hii hasa, na mara ngapi.

Upasuaji wenyewe una njia kuu mbili. Moja hupitia juu ya mtulinga, ambapo daktari huziona neva, hukata misuli ya skalini na kuondoa ubavu. Nyingine hupitia kwapani, njia iliyoelezwa na David Roos wa Marekani mwaka 1966; kile kipimo cha ngumi cha dakika tatu nacho kinabeba jina lake. Binadamu ana mbavu jozi 12 na anaweza kuishi vizuri bila ile ya kwanza upande mmoja. Hatari iko kwa majirani wa ubavu huo. Utando wa pafu unaweza kutoboka, hewa ikajaa kifuani. Neva inayoendesha kiwambo inaweza kuumia, pumzi ikapungua. Kuna neva inayolishika bapa la bega mgongoni, na kuna mishipa mikubwa ya damu isiyosamehe. Wengi hupata nafuu. Wapo wasiopata, na wapo ambao kovu linazibana neva upya baadaye.

Kabla ya kuamua, nilidungwa sindano ya dawa ya ganzi kwenye msuli wa skalini, wakiiongoza kwa ultrasaundi. Ni kipimo zaidi kuliko tiba: msuli ukilegea na maumivu yakatoweka kwa saa chache, kuna dalili kwamba kuukata kutasaidia. Yalitoweka. Jioni ile nilichana nywele zangu mwenyewe. Kwa hiyo uchaguzi wangu haukuwa rahisi, maana ushahidi wa upande wa kisu ulikuwepo mkononi mwangu.

Mwanangu wa kidato cha nne, mpenzi wa mpira wa kikapu, aliniletea mifano yake. Brandon Ingram alipata damu iliyoganda mkononi mwaka 2019. Akafanyiwa upasuaji, na mwaka uliofuata akachaguliwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa zaidi katika NBA. Markelle Fultz, aliyebanwa neva, alitibiwa kwa mazoezi mwishoni mwa 2018 na akarudi uwanjani. Matt Harvey, mrushaji wa besiboli wa New York, aliondolewa ubavu mwaka 2016 na hakurudia tena kiwango chake cha zamani. Nilimshukuru, kwa sababu watu hao watatu walinionyesha kwamba jina la ugonjwa ni moja na safari zake ni mbalimbali. Mama yangu alikuwa na neno moja tu: “Mwanangu, mkono unaanza kuamka. Kwa nini ufungue kifua sasa?” Mume wangu alihesabu kile ambacho bima haikihesabu: malazi ya Dar, wiki za kutobeba kitu, miezi ya kurudi kwenye nguvu kamili.

Nikachagua kusubiri, kwa masharti niliyokubaliana na daktari na kuyaandika. Kila baada ya miezi mitatu napimwa nguvu za kushika, mikono yote miwili. Kila mwezi natazama nyama ya shina la gumba nikilinganisha kulia na kushoto, kwa sababu neva ikibanwa muda mrefu nyama hiyo husinyaa, na ikishasinyaa huenda isirudi hata baada ya upasuaji. Nguvu zikishuka, nyama ikianza kubonyea, au mkono ukivimba na kubadilika rangi, hatujadiliani tena. Na kama mwaka utaisha nikiwa siwezi kufundisha bila maumivu ya usiku, tutalifungua faili upya na kukizungumzia kisu bila woga. Nimemwomba mkuu wa shule kwamba, isipokuwa kwa dharura, ikibidi iwe baada ya mitihani ya Novemba, ili kidato cha nne wangu wasibadilishiwe mwalimu katikati ya trigonometria. Amekubali, na jina la atakayenishikia vipindi tayari liko kwenye ratiba.