Sarafu Ikiondoka, Nani Ataiambia Mashine "Moja"?

Chukua sarafu ya Marekani ya senti 5. Uzito wake ni gramu 5 kamili, upana wake milimita 21 na kidogo. Itumbukize kwenye mashine ya soda ya miaka ya 1960, mlango ukiwa wazi, uitazame inavyoshuka. Kwanza hupimwa upana na uzito, na ikipungua hutemwa kando. Kisha huteleza mbele ya sumaku. Kipande cha chuma kitanasa hapo hapo, lakini sarafu ya kweli, ambayo robo tatu yake ni shaba na robo ni nikeli, hupunguzwa mwendo tu, kwa kiasi kile kile kila mara, kisha hudondokea njia yake halali. Mwisho wa safari huangukia waya mwembamba kama njiti ya kiberiti. Waya unainama, swichi inalia "tik", na sarafu inaishia kwenye kisanduku cha fedha. Safari nzima huchukua kama sekunde moja.

Leo mashine hizi zimekuwa vitu vya kupendwa. Huko Marekani utazikuta kwenye gereji na vyumba vya chini vya nyumba za watu, zimepakwa rangi upya, zimejaa soda baridi. Mwenye nyumba hataki kumdai mgeni wake hela. Anataka mgeni abonyeze, chupa itoke. Basi humwita fundi, au hujaribu mwenyewe: aunganishe waya mbili za swichi ya sarafu, amalize kazi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kwa mwenye duka, sarafu ilikuwa malipo. Kwa mashine ilikuwa amri, nayo ilisema neno moja tu: "moja". Toa chupa moja, kisha simama. Ukiiondoa sarafu bila kuweka kitu kingine cha kusema neno hilo, unakuwa umeondoa hesabu pamoja na malipo.

Wajenzi wa mashine hizi waliifunga kazi yao yote kwenye hesabu hiyo. Tangu 1886 hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, Coca-Cola iliuzwa kwa senti 5, na mashine zilitengenezwa kuitambua sarafu hiyo. Gharama zilipopanda, kampuni ilijikuta imebanwa, kwa sababu sarafu iliyofuata ilikuwa ya senti 10, yaani bei maradufu. Mwaka 1953 Robert Woodruff, aliyekuwa kiongozi wa Coca-Cola, alimwomba rafiki yake Rais Eisenhower serikali itoe sarafu ya senti 7 na nusu. Sarafu hiyo haikupatikana. Lakini ombi lenyewe linaonyesha jinsi mashine ilivyokuwa imeshikamana na kipande kile cha shaba na nikeli.

Mashine hizi zina koo mbili, na kabla ya kushika bisibisi ni lazima ujue yako ni ya ukoo gani.

Ukoo wa kwanza ni wa kuvuta chupa kwa mkono, kama Vendo 81 ya miaka ya 1950, ambayo jina lake limetokana na idadi ya chupa inazobeba. Hapa umeme unaendesha friji na taa. Utoaji wa chupa ni kazi ya vyuma: sarafu inaachia komeo, unavuta chupa kwa shingo, na chupa ikitoka komeo linarudi. Ukitaka ya bure, hugusi waya hata mmoja. Unalegeza komeo au unaondoa kipande kinacholisukuma, unakiweka kwenye mfuko na kuandika jina lake juu. Hesabu inabaki mikononi mwa mvutaji.

Ukoo wa pili ndio wenye kazi. Ni mashine zinazotoa chupa au kopo kwa mota, zilizoenea zaidi kuanzia miaka ya 1960. Swichi ya sarafu inapolia, umeme unaingia kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Rilei inajishikilia, kana kwamba mashine imeandika kwenye daftari: huyu ana deni la chupa moja. Mteja anabonyeza kitufe cha soda anayoitaka, na mota inaanza kuzunguka. Kwenye mhimili wa mota pana gurudumu dogo lenye pengo ukingoni, na juu yake imelala swichi nyingine. Mota ikianza tu, swichi inatoka kwenye pengo na kufanya mambo mawili: inaipa mota njia yake yenyewe ya umeme, ili isikatike hata mteja akiachia kitufe, na inaifuta ile rilei. Deni limelipwa. Gurudumu likimaliza mzunguko, swichi inaangukia tena kwenye pengo na mota inasimama. Chupa moja imetoka.

Sasa fikiria umeziunga waya za swichi ya sarafu moja kwa moja. Mashine inasikia sarafu inayoanguka bila kukoma. Rilei ikifutwa, inashika upya papo hapo. Mtu mzima akibonyeza na kuachia, chupa itatoka moja na utadhani kazi imekwisha. Lakini mtoto akiegemeza kidole kwenye kitufe, mashine nyingi zitatoa ya pili, na ya tatu, mpaka chupa zirundikane mlangoni na moja ivunjike au mota ikwame. Mota iliyokwama huku umeme ukiendelea kuingia huungua. Mashine yenyewe ni nzima. Imetii tu amri isiyo na mwisho.

Dawa yake ni kuipa mashine sarafu nyingine, ya kidole. Weka kitufe kidogo cha kubonyeza na kuachia, kiungwe sambamba na swichi ya sarafu, yaani njia ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Mgeni anabonyeza kitufe hicho mara moja, kisha anachagua soda yake. Kwa kuwa hujaondoa chochote, sarafu halisi nayo itaendelea kufanya kazi.

Kabla ya kufungua popote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kama kompresa ina kapasita, usiiguse, maana huweza kubaki na chaji. Tafuta mchoro wa saketi, ambao mara nyingi umebandikwa ndani ya mlango au kwenye mfuniko wa kisanduku cha umeme, na upige picha kila waya ulipo. Kisha iweke mita ya umeme kwenye alama ya mlio, gusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya swichi ya sarafu, na uinamishe ule waya mwembamba kwa kidole, polepole, kama sarafu ingefanya. Swichi nyingi zina miguu mitatu. Unayoitafuta ni ile miwili inayokaa kimya waya ukiwa umepumzika na kulia waya ukiinama. Ukiipata, umeupata mlango wa mashine.

Hapa pana mtego. Wengi huchukua kitufe cha kengele ya mlango kwa kuwa ni rahisi na kinapendeza. Kitufe hicho kimetengenezwa kwa volti chache. Saketi ya sarafu kwenye mashine nyingi za zamani inabeba volti 115, umeme kamili wa nyumba ya Marekani. Usiuweke umeme huo chini ya kidole cha mgeni mwenye mikono iliyolowa. Tumia transfoma ndogo ya volti 12 au 24 pamoja na rilei inayolingana nayo. Kitufe kikae upande wa volti ndogo, na miguu ya rilei iliyotengwa vizuri na yenye uwezo wa kubeba umeme wa saketi hiyo ndiyo iungwe sambamba na swichi ya sarafu. Kitufe waweza kukificha kwenye kikombe cha kurudishia chenji. Usitoboe uso wa mashine. Bati lililotobolewa haliponi. Usikate waya wa asili hata mmoja. Tumia vichwa vya kuchomeka, ili siku moja mtu akitaka kurudisha kila kitu, achomoe tu. Swichi inayoizuia mota pale soda inapokwisha nayo iache ilivyo, ili mota isizunguke bure.

Lakini yote hayo nayaweka nyuma ya kazi moja ambayo sikubali irukwe: waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Mashine nyingi za miaka ya 1950 zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili. Ni kabati kubwa la chuma, lina kompresa iliyotetemeka kwa zaidi ya miaka sitini, na ndani yake waya zilizovikwa mpira au kitambaa ambacho sasa kimekauka na kupasuka. Waya mmoja ukigusa bati, mwili mzima wa mashine unakuwa na umeme, nawe unausogelea ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji. Watu wamekufa hivyo. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani zinataka kila mashine ya aina hii inayotengenezwa au kuundwa upya kuanzia Januari 1, 2005 iwe na kifaa kinachokata umeme pale unapovuja. Kifaa hicho hukata kwenye kama miliampia 5. Mashine ya babu haikuzaliwa nacho. Weka kebo mpya yenye waya tatu, ule wa ardhi ufungwe kwa skrubu kwenye bati lililokwanguliwa rangi, upime kwa mita kutoka pini hadi mlangoni, na uichomeke mashine kwenye soketi yenye kinga hiyo. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari za soda ya bure.

Kuna mambo mengine matatu ya kuangalia mlango ukiwa wazi. Choki ya taa ya tyubu, kama ni ya kabla ya 1979, huenda ina mafuta ya PCB, sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka huo. Ukiona inavuja kitu kama lami, usikishike kwa mkono mtupu, na choki yenyewe haifai tena. Gesi ya friji huenda ni R-12, ile inayoharibu tabaka la ozoni. Mabomba yake yasifunguliwe na asiye fundi wa friji. Na rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu sebuleni.

Neno la mwisho la ufundi ni kwa anayetaka kuipakia mashine kwenye kontena aje nayo Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Atasikia kwamba transfoma ya kushusha volti 240 hadi 115 inatosha. Haitoshi. Umeme wa Marekani hufanya mizunguko 60 kwa sekunde, wa kwetu 50, na transfoma haibadilishi hilo. Mota iliyopangiwa volti 115 kwa mizunguko 60, ukiipa volti hizo hizo kwa mizunguko 50, inabebeshwa sumaku zaidi kwa asilimia 20 na pia inazunguka polepole zaidi. Mota ya kutolea chupa inafanya kazi sekunde chache tu, itavumilia. Kompresa na feni yake zinafanya kazi saa nyingi, nazo huenda zikaungua. Badilisha hizo mbili kwa za volti 240 na mizunguko 50, taa nayo ubadilishe, kisha transfoma ndogo ibaki na kazi ya saketi ya kutolea chupa peke yake.

Kazi ikikamilika, ijaribu kwa namna mbili, kila mara ukianza na kitufe chako kipya. Kwanza bonyeza kitufe cha soda na uachie. Kisha shikilia kitufe cha soda mpaka mota isimame, uendelee kukishikilia hadi uhesabu kumi. Ikikaa kimya na chupa mlangoni ni moja, mashine bado inajua kuhesabu. Kisha tumbukiza sarafu ya senti 5, kama mashine yako ilijengwa kwa sarafu hiyo, usikilize kama ile "tik" bado inafanya kazi yake.

Usiufunge mlango bado. Andika kwenye karatasi tarehe, rangi za waya ulizoziunga, mahali rilei ilipo, na namna ya kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Ibandike pembeni ya mchoro wa kiwanda. Yule aliyechora mchoro ule hakukujua, lakini alikufikiria. Nawe mfikirie fundi atakayeufungua mlango huo baada yako.