Mlinzi Asiyejibu

Askari awapo lindoni usiku katika Kambi ya Gaddafi mjini Jinja, au katika kambi ya Bugema kule Mbale, mkewe na watoto wake wamelala nyumbani. Je, ni nani awalindaye dhidi ya moto?

Swali hili si la mzaha. Tarehe 25 Oktoba 2022 moto uliteketeza bweni la wasichana katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono, na watu 11 wakapoteza maisha. Moto wa usiku huua kwa moshi. Aliyelala huzimia kabla ya kuhisi joto.

Kigunduzi cha moshi hufungwa darini, maana moshi hupanda juu. Lakini kikilia peke yake sebuleni, aliyelala chumba cha nyuma huenda asikisikie. Ndiyo sababu twashauri vigunduzi viunganishwe kwa waya na kisanduku cha kengele ya wezi, ili king'ora kimoja kiamshe nyumba nzima. Njia ya moto ibaki macho saa 24, hata kengele ya wezi ikizimwa.

Waya na upite kutoka kigunduzi hadi kigunduzi bila matawi, na rezista ifungwe kwenye kile cha mwisho. Mkondo mdogo wa umeme hupita humo daima. Waya ukikatika, mkondo hukoma, na kisanduku hutangaza hitilafu. Fundi mvivu huificha rezista ndani ya kisanduku. Hapo panya aweza kuukata waya, na kisanduku kiendelee kusema hali ni shwari. Sisi askari twalijua jambo hili: mlinzi aitwaye asipojibu, hatusemi kuwa lindo ni salama.

Hata Jinja, penye bwawa la Nalubaale, umeme hukatika. Basi iwepo betri ya akiba. Jikoni penye sigiri kifungwe kigunduzi cha joto, kisije kikalia kila chakula kipikwapo. Kila mwezi vyombo vijaribiwe. Kengele ikilia, watu watoke nje kwanza, ndipo wapige 999 kuwaita zimamoto wa Polisi.

Ndugu askari, siku fundi amalizapo kazi, mwambie aufungue waya wa kigunduzi cha mwisho mbele ya macho yako. Kisanduku kikinyamaza, usimlipe.