Paa la Chuo na Nuru ya Jua

Ndugu wasomaji, sisi tukaao Mbezi Beach twajua maana ya taa kuzimika ghafla. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mgawo wa umeme ulipokithiri, vijana wetu walidurusu kwa mishumaa, na majenereta yakanguruma nyuma ya kuta hadi usiku. Tangu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kutoa umeme, tumepata nafuu. Je, dhiki ikipungua tusahau somo lake? Hasha.

Tazameni jirani zetu. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka juu ya mapaa yake paneli za umeme wa jua zenye uwezo wa kilowati 600. Chuo hicho si cha Waislamu, lakini hekima huchukuliwa popote ionekanapo. Nasi tunacho Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho majengo yake yalikuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO kabla Serikali haijayatoa mwaka 2004. Nyumba iliyolea mafundi wa umeme yastahili kuwa mbele katika jambo hili.

Wako wasemao kwamba ni ghali. Ni kweli, gharama hutangulia na faida hufuata. Lakini chuo hufanya kazi mchana, jua likiwapo. Maktaba, kompyuta na pampu za maji hutumia umeme papo hapo, na betri chache zatosha. Hapa pwani kilowati moja ya paneli hutoa kadiri ya uniti nne kwa siku.

Ama mtaji, si lazima tukimbilie mkopo wa riba. Wazee wetu wa pwani waliweka minazi wakfu ili misikiti ipate mafuta ya taa. Paneli juu ya paa la chuo ni mnazi wa zama hizi.

Walakini wakfu usio na mlinzi huangamia. Hewa ya chumvi hula vyuma, vumbi hupunguza nguvu, na betri huchakaa kabla ya paneli. Basi kamati iteue fundi, na kila mwezi iweke akiba kutokana na fedha iliyookolewa.

Vijana, jifunzeni ufundi huu. Wazazi, ulizeni kamati za vyuo vyenu: shilingi ngapi huteketea kwa dizeli? Shilingi hizo zingeweza kumlipia ada mtoto wa maskini.

Wabillahi taufiq.