Pikipiki: Uache mbachao kwa msala upitao?

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hawakuwa na pikipiki. Lau wangalikuwa nazo, huenda wangaliongeza kwamba mbacha nao huchakaa, na kwamba msala upitao yamkini umekwisha kusaliwa na watu watatu kabla yako.

Swali hili linawakosesha usingizi wengi wenye pikipiki za mashambani. Je, mtu aendelee kuitunza pikipiki yake kuukuu ya mipigo miwili, ile inayotoa moshi na kulia kama nyuki, ama aibadilishe kwa nyingine ya mipigo minne, iliyokwisha kutumiwa na mwingine, huku akiongeza pesa juu? Mafundi wa gereji huziita tustroki na fostroki, na kila fundi ana yake anayoiapia.

Swali lenyewe si la anasa. Wako vijana wa mjini wanaotafuta pikipiki ya kurukia vilima siku ya Jumapili. Lakini kwa watu wengi wa mashambani, pikipiki ni jembe. Ikilala, na watoto hulala njaa.

Tuchukue mfano wa mtu anayepandisha ng'ombe kwa mrija huko Kinangop. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya serikali. Kituo cha Kabete cha kutoa mbegu za madume kilianzishwa mwaka 1946, na baada ya mwaka 1966 magari ya serikali yalikuwa yakipita barabarani, wakulima wakiyangojea kando ya njia pamoja na ng'ombe wao. Mpango huo ulipofifia katika miaka ya 1990, kazi iliwaangukia watu binafsi, na wengi wao wakapanda pikipiki.

Ng'ombe aliyeonekana akitaka dume asubuhi yafaa apandishwe jioni ya siku hiyo hiyo. Aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Saa hizo zikipita, mkulima atangoja siku 21 nyingine huku akimlisha ng'ombe asiye na mimba. Kwa hiyo pikipiki ikizimika njiani, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Tuseme bwana huyu anayo Yamaha AG100 ya mipigo miwili, yenye vichukuzi mbele na nyuma, na cheni iliyofunikwa matope yasiifikie. Nyuma amefunga mtungi wa naitrojeni, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, inayohifadhi mbegu. Sasa mtu wa Naivasha anamwonyesha Honda XL125 ya mipigo minne. "Lete yako na uniongezee kidogo," anamwambia. Afanyeje?

TOFAUTI YAO

Kabla ya kujibu, yafaa tufahamu tofauti yao ni nini. Pistoni ni kama mchi ndani ya kinu: hupanda na kushuka. Katika injini ya mipigo minne, mchi huo hushuka ukivuta hewa na petroli, hupanda ukizishindilia, husukumwa chini na moto, kisha hupanda tena ukitoa moshi. Moto huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Vali ndizo zinazofungua na kufunga milango, na oili hukaa chini ya injini, ikizunguka bila kuungua.

Katika injini ya mipigo miwili, hayo yote hufanywa kwa kupanda mara moja na kushuka mara moja. Moto huwaka kila mzunguko. Vali za namna ile hazimo, kwa sababu pistoni yenyewe hufungua na kuziba matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Petroli mpya ndiyo inayousukuma nje moshi wa zamani, na sehemu yake hutoroka pamoja nao kabla ya kuungua. Oili nayo huingia pamoja na petroli na kuunguzwa. Ndiyo maana ya ule moshi wa samawati, na ile harufu ambayo kila aliyekaa karibu na msumeno wa kukatia miti anaijua.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Moshi wa samawati katika tustroki ni jambo la kawaida, bora usizidi. Katika fostroki, moshi huo huo ni dalili ya ugonjwa, maana oili inaingia mahali isipotakiwa kuingia.

Hata lugha yetu imeusikia mlio wa mashine hizi. Sisi husema pikipiki, na kuna Waswahili wanaosema tukutuku, na yasemekana majina yote mawili yametokana na sauti ya injini. Ukisimama kando ya barabara utaona kwamba fostroki inayonguruma polepole yastahili kabisa kuitwa tukutuku.

MBIO ZA DUNIA

Kulikuwa na wakati tustroki ndiyo iliyotawala. Mwaka 1961 dereva wa mashindano aitwaye Ernst Degner alitoroka Ujerumani Mashariki akiwa na siri za injini za kampuni ya MZ, zilizobuniwa na mhandisi Walter Kaaden. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sisi 50, akiendesha Suzuki. Mwaka 1968 Yamaha ikatoa DT-1, pikipiki nyepesi ya porini, na vijana wengi duniani wakajifunza matope kwa tustroki.

Mipigo minne haikulala. Mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yaliyomalizika mwaka 1979, yalishindwa na Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500 ya mipigo minne. Huko Marekani, sheria za kupunguza moshi zilizoanza na pikipiki za mwaka 1978 ziliifukuza tustroki barabarani pole pole. Mwaka 1998 Doug Henry alitwaa ubingwa wa taifa wa motokrosi nchini humo juu ya Yamaha YZ400F, na baada ya hapo mipigo minne ikashika usukani hata katika mchezo uliokuwa ngome ya mipigo miwili.

Hapa kwetu, nyingi ya pikipiki za bodaboda zilizoenea katika miaka hii ya 2000, kama vile Boxer na TVS, ni za mipigo minne. Matokeo yake ni kwamba kijana anayejifunza ufundi leo hujifunza vali kwanza. Yule mzee wa gereji aliyejua kuisikiliza tustroki kwa sikio anazidi kuwa adimu.

HESABU

Sasa turudi Kinangop na kalamu mkononi. Tuseme bwana wetu husafiri kilomita 80 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, yaani kilomita 2,000. Ikiwa tustroki yake humpa kilomita 25 kwa lita na ile fostroki ingempa 40, basi kwa mwezi atatumia lita 80 za petroli badala ya 50. Lita 30 zimetoka kwa moshi. Tena ikiwa pikipiki yake hula sehemu moja ya oili kwa sehemu 40 za petroli, hizo ni lita mbili za oili kila mwezi. Fostroki ya namna hiyo hubeba kiasi cha lita moja, na akiibadilisha kila kilomita 2,000 atakuwa ameitendea haki.

Lakini mkulima wa jirani yake ambaye huenda kilomita 10 tu, kupeleka maziwa na kurudi, hupoteza chini ya lita nne za petroli kwa mwezi. Huyo akilipa nyongeza kubwa kwa ajili ya fostroki, itamchukua miaka kuzirudisha pesa zake. Kila mmoja apige hesabu yake mwenyewe kwa kilomita zake na bei za siku hiyo, asikubali kupigiwa na muuzaji.

Petroli si hesabu yote. Tustroki ikichoka, fundi mwenye spana chache huifungua chini ya mti, akaitia pistoni na ringi mpya, silinda ikachongwa, na mambo yakaisha. Fostroki hukaa muda mrefu zaidi bila kufunguliwa, lakini siku ya kufunguliwa kuna vali, kemu na cheni yake, na alama zinazotakiwa kulingana barabara. Fundi akikosea jino moja la cheni hiyo, vali na pistoni huweza kugongana.

MLIMA NA MTEREMKO

Mahali nako kuna neno lake. Kinangop iko juu ya mita 2,400, ambako hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko pwani ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya chini itatoa petroli nyingi mno huko juu. Injini zote mbili huumia, lakini tustroki ndiyo huumia kwanza, kwa sababu petroli ikizidi huja na oili na plagi hujaa masizi. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi, na kifaa hicho hakigharimu kama injini. Wengi wamezichukia tustroki zao kwa kosa la jeti.

Mteremko ni jambo jingine. Ukishuka kutoka Engineer kwenda Naivasha na fostroki, unaacha moto, unatia gia ndogo, na injini yenyewe inaizuia pikipiki. Tustroki haizuii sana. Tena ile inayochanganyiwa oili ndani ya tangi, ukifunga moto kwenye mteremko mrefu, petroli hukatika na oili hukatika pamoja nayo, huku pistoni ikienda mbio. Ndivyo injini inavyoshikana. Wazoefu huipa moto kidogo mara kwa mara, waipe kinywaji. Kwa mtu aliyebeba mtungi na anayeshuka kila siku, hilo ni jambo la kupima vizuri.

KIBAYA CHAJITEMBEZA

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wauzaji wa pikipiki kuukuu wana wimbo wao: "Hii haijafunguliwa hata nati moja." Msomaji, ukisikia hivyo usifurahi haraka. Pikipiki ya miaka mingi ambayo haijafunguliwa hata kupimwa vali haikutunzwa, iliachwa.

Nenda asubuhi na uiguse injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, uliza kwa nini. Huenda inakataa kuwaka ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe. Moshi wa samawati mara tu inapowaka waweza kuwa wa mipira ya vali, na ule unaozidi ukitia moto waweza kuwa wa ringi. Sikiliza upande wa cheni ya kemu kama inagongagonga. Omba oili imwagwe kidogo kwenye chombo cheupe. Ikiwa na chembe za chuma zinazometameta, aga kwa heshima uende zako.

Kisha tazama yasiyo ya injini: beringi za magurudumu, shokomzoba zinazovuja, fremu iliyochomelewa. Linganisha namba ya injini na ya fremu na zilizo katika karatasi za umiliki, na usitoe pesa kabla ya jina kubadilishwa rasmi katika NTSA. Pikipiki ya wizi haina mipigo miwili wala minne, ina kesi.

Jambo jingine: usikubali bei mbili zifichwe katika nyongeza moja. Anayebadilishana nawe huipandisha yake na kuishusha yako kwa wakati mmoja, usione. Uliza kwanza bei ya yako ikiuzwa peke yake, na bei ya yake ikinunuliwa peke yake. Hapo ndipo utajua kama nyongeza ni ya haki.

Na kama ni ile fostroki ya mashindano ya motokrosi, fikiri mara mbili. Injini hizo huzunguka kasi sana na matengenezo yake huhesabiwa kwa saa za kuendeshwa. Si dada ya Honda XL hata kidogo, ijapokuwa zote ni za mipigo minne.

UTUNZAJI

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mkimbiza pikipiki Mmarekani Randy Mamola na Mwingereza Barry Coleman walizuru Somalia, wakakuta pikipiki za wafanyakazi wa afya zimetupwa zikiwa bado mpya, kwa sababu hapakuwa na wa kuzitunza. Kutokana na hayo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo lilianza kwa kuwafundisha wahudumu wa afya wa Afrika kuzikagua pikipiki zao kabla hazijaharibika.

Somo hilo ndilo kiini cha swali letu. Tustroki hukudai kidogo kila siku, na ikiugua husema wazi kwa mlio na moshi. Fostroki hunyamaza. Huvumilia oili chafu mwezi baada ya mwezi bila kulalamika, hata siku inapodai deni lote kwa pamoja. Ununuapo fostroki kuukuu, unanunua tabia za aliyekuwa nayo. Pengine deni hilo ni lake, na wewe ndiwe utakayelilipa.

Kwa hiyo yule mkulima wa kilomita 10, anayejua kuifungua tustroki yake mwenyewe, na akaitie jeti ifaayo na abaki na mbacha wake. Bwana wa ng'ombe naye, kwa kilomita zake 2,000 na miteremko yake, anayo sababu ya kubadilisha, ila kwa sharti moja. Amchukue fundi asiyekula na muuzaji, waende Naivasha asubuhi, na oili imwagwe mbele yao. Ikiwa safi, alipe. Ikiwa chafu, arudi na AG100 yake, kwa maana kesho kutwa kuna ng'ombe atakayeonekana alfajiri, na mwenyewe hatauliza pikipiki ina mipigo mingapi. Atauliza imefika saa ngapi.