Hadithi ya Kutunga, Habari za Kweli

Mliokaa karibu na redio, sogeeni kidogo ili na wenzenu wa nyuma wapate kusikia. Mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno matatu: riwaya, kutunga, kuchunguza. Yasomeni kwanza kimya kimya. Vema.

Riwaya ni hadithi ndefu iliyoandikwa katika kitabu. Kutunga ni kupanga maneno kwa akili yako mwenyewe, kama mtu atungavyo shanga katika uzi. Kuchunguza ni kuliangalia jambo sana mpaka ulijue lilivyo.

Sasa lisikilizeni swali letu. Kama hadithi ni ya kutunga, mwandishi ana haja gani ya kuchunguza? Kwa nini asikae tu kitini, akaandika lo lote limjialo moyoni?

Wazee walisema, njia ya mwongo ni fupi. Tuseme mtu asiyeijua bahari ameandika hadithi ya jahazi lililotweka tanga Mombasa mwezi wa Januari kwenda Maskati, upepo mzuri ukilisukuma kwa nyuma. Nawe mvuvi wa Lamu au Pangani unaisoma. Utacheka, kwa sababu wajua ya kuwa mwezi wa Januari upepo ni kaskazi, nao hutoka huko huko Arabuni kuja kwetu. Jahazi la kwenda Arabuni hungojea kusi. Tangu hapo humwamini tena mwandishi yule, hata asemapo kweli. Basi mwandishi mwenye busara huenda kwanza akamwuliza nahodha.

Wako waandishi waliokwenda mbali sana kutafuta habari za namna hii. Leo tutawatazama watatu.

MWANDISHI ALIYESHUKA MGODINI

Wa kwanza ni Émile Zola, mtu wa Ufaransa. Mwaka 1884 alitaka kuandika riwaya juu ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Lakini yeye alikuwa mtu wa Paris, na kazi yake ilikuwa kalamu na karatasi. Mwezi wa Februari mwaka huo alifunga safari mpaka Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, ambako wachimbaji walikuwa katika mgomo.

Zola hakuishia kusimama mlangoni mwa mgodi. Alishuka chini, gizani, akapita katika njia nyembamba ambamo mtu hawezi kusimama wima. Aliuliza mishahara yao, chakula chao, kodi ya nyumba zao na magonjwa yao. Tena aliona jambo ambalo wengi wa juu hawakulijua: farasi waliokaa chini ya ardhi miaka mingi, wakivuta magari ya makaa mbali na mwanga wa jua. Hayo yote aliyaandika katika karatasi zake, nazo zimehifadhiwa mpaka leo Paris.

Riwaya yake iliitwa Germinal, nayo ilitoka mwaka 1885. Zola alipokufa mwaka 1902, wachimbaji walikuja Paris kumzika, nao walipokuwa wakipita walilitaja kwa sauti kuu jina la kitabu kile. Walijua ya kuwa mtu huyu alikuja kuwatazama kwa macho yake.

MWANDISHI ALIYECHUKUA KIKOPO CHA CHAKULA

Wa pili ni Upton Sinclair wa Marekani. Mwaka 1904 alikwenda Chicago, mji uliokuwa na viwanda vikubwa vya kuchinja ng'ombe na nguruwe na kutia nyama katika makopo. Alikaa huko majuma saba. Alivaa nguo kuukuu, akachukua mkononi kikopo cha chakula kama wafanyakazi wengine, na kwa njia hiyo aliweza kupita viwandani pasipo kuulizwa. Jioni alikaa nyumbani kwa wafanyakazi, akawasikiliza.

Kitabu chake, The Jungle, kilitoka mwaka 1906. Watu wa kitabu kile ni wa kutunga, lakini uchafu wa viwanda ulikuwa wa kweli. Wasomaji walishtuka. Rais Theodore Roosevelt alituma watu wawili kwenda kutazama, nao waliporudi walisema ya kuwa hali ni mbaya kweli. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo Rais alitia sahihi sheria mbili: moja ya kukagua nyama, na moja ya kuzuia vyakula na dawa za udanganyifu.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Jambo moja lililomo kitabuni, yaani wafanyakazi kutumbukia katika mapipa makubwa ya mafuta, halikuthibitishwa na wale wakaguzi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hata kitabu kizuri kisome kwa akili. Riwaya yaweza kukuonyesha mahali pa kutazama, lakini kutazama kwenyewe ni kazi nyingine. Tena lipo jambo la kusikitisha. Sinclair alitaka watu wawahurumie wafanyakazi; wao walihofia zaidi nyama iliyokuwa ikiingia matumboni mwao.

MWANDISHI ALIYEPIMA DAWA

Wa tatu ni mwanamke wa Uingereza, Agatha Christie, aliyejulikana sana kwa hadithi za upelelezi. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 aliuguza wagonjwa katika hospitali ya mji wa Torquay, kisha akafanya kazi katika chumba cha dawa. Huko alijifunza kupima dawa, na kujua ya kuwa dawa ikizidi kipimo chake yaweza kuwa sumu. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, ilikuwa juu ya mtu aliyeuawa kwa sumu.

Mwaka 1961 aliandika nyingine, The Pale Horse. Humo alieleza habari za sumu iitwayo thaliumu, ambayo dalili yake moja ni nywele kunyonyoka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea baadaye. Mwaka 1977 mtoto mdogo, mwenye umri wa miezi 19, aliletwa London kutoka Qatar. Alikuwa mgonjwa sana, na waganga hawakuujua ugonjwa wake. Mwuguzi mmoja aliyekuwa akimtunza alikuwa akisoma kitabu hicho siku zile zile. Aliona nywele za mtoto zinanyonyoka, akawaambia waganga: labda ni thaliumu. Mtoto akapimwa, na ikawa ndivyo. Sumu ile ilikuwa katika dawa ya kuulia wadudu na panya iliyotumika nyumbani kwao. Akatibiwa, akapata nafuu.

Fikirini basi. Kama mwandishi angalibuni tu dalili za sumu, mwuguzi yule angalikuwa na nini cha kukumbuka?

MAANA YAKE KWETU

Zola hakujua kuchimba makaa, wala Sinclair hakujua kazi ya machinjio. Walifundishwa na watu wa kazi, na wengi wa watu hao hawakupata kusoma sana. Basi wewe uliyeanza kushika kalamu juzi, usijidharau. Jinsi ya kuchagua mbegu, kushona wavu, kuujua udongo wa kufinyangia chungu, hayo ni maarifa ambayo mwandishi angefunga safari kuja kuyatafuta kwako. Na siku hizi unaweza kuyaandika mwenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini jahazi la kwenda Arabuni halitweki tanga wakati wa kaskazi?
2. Zola aliona nini chini ya ardhi?
3. Ni jambo gani katika kitabu cha Sinclair halikuthibitishwa?
4. Dawa za kuulia panya na wadudu zawekwa wapi nyumbani kwako? Je, mtoto aweza kuzifikia?

KAZI YA NYUMBANI

Mwulize mtu mmoja habari za kazi yake ambayo wewe huijui. Andika sentensi sita. Kisha msomee, naye akusahihishe palipokosewa.

Haya, wanafunzi, muda wetu umekwisha. Kwaherini mpaka somo lijalo.