Kiyoyozi: Bei ya dukani si gharama yote

MFANYABIASHARA wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, anayenunua kiyoyozi cha nyumbani kisha akabana pesa ya fundi, hasara ataiona kwenye LUKU.

Utafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kuwa makosa ya ufungaji yanaweza kuongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 30. Miongoni mwake ni gesi pungufu, hewa isiyopita vizuri na mashine kubwa kuliko nyumba.

Hesabu ni rahisi. Mashine ya kula uniti 8 kwa siku itakula 10.4, kwa siku 30 ni uniti 72 za bure. Kabla ya kumaliza malipo, mnunuzi ahakikishe gesi imepimwa na viungo vya bomba havivuji.